Je, Alipwaye Mshahara Astahili Asante?

Wako watu wasemao, "Bwana miti mwamshukuria nini? Serikali yamlipa." Neno hili laonekana kuwa na haki, na mkulima asiyelipwa na mtu ni jepesi kwake kulisema. Lakini na tulipime kwa jambo lililotokea Shinyanga.

Zamani miti mingi ya nchi ile ilikatwa, ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Mwaka 1986 serikali ilianza kazi ya hifadhi ya ardhi, iliyoitwa HASHI, nayo ikaendelea hata 2004. Mabwana miti wake hawakuleta elimu ya ugeni tu. Waliwauliza wazee habari za ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua, mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Ngitili zikarudi, hata zikapita hekta 300,000.

Basi, mshahara ulinunua nini? Ulinunua siku za bwana miti. Kuketi chini na mzee na kumsikiliza, hilo alilitoa mwenyewe, nalo ndilo deni letu. Wala sisemi apelekewe mbuzi. Mbuzi wa shukrani na mbuzi wa rushwa hulia sauti moja. Tena wako sungusungu walindao ngitili, wasiopata mshahara, nao twawaita wasumbufu wakikamata ng'ombe wetu. Amshukuruye mlinzi na alipe faini bila kunung'unika, na jioni amwulize mwanawe alichungia wapi.