Aliyeshindwa Mwenye Nguvu

Tuseme mbuzi wa jirani wameingia shamba la mihogo la mtu wa Maramba, wakafyeka matuta matatu. Shauri linafika Mahakama ya Mwanzo, hakimu na wazee wa baraza wanasikiliza, mwenye mbuzi anaamriwa alipe. Atatoka akinung'unika kwamba hakimu kala chake, na wiki nzima kijiweni atahadithia alivyoonewa. Mwishowe atauza beberu alipe, au ndani ya siku 30 akate rufaa Mahakama ya Wilaya. Njia ya tatu hana. Hawezi kutunga sheria kwamba mbuzi hawana makosa.

Tukizungumzia uhuru wa mahakama, macho yetu humwelekea hakimu: nani kamteua, nani kampigia simu usiku. Si maswali ya kupuuza. Mwaka 2017 Tanzania ilikaa na Kaimu Jaji Mkuu kuanzia Januari hadi Septemba, na watu walikuwa na haki ya kuuliza kaimu anamtazamaje mwenye kalamu ya kumthibitisha. Lakini naona uhuru huo unamtegemea zaidi aliyeshindwa, hasa akiwa na nguvu. Ibara ya 107B ya Katiba inamlinda hakimu asiingiliwe. Haiwezi kumfundisha mkubwa kushindwa.

Na mkubwa hana haja ya kumgusa hakimu. Anaweza kumtangulia. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Ilikusudiwa kwa hatari ya kweli. Tumeiona ikiwaangukia waandishi wa habari na watumishi wa afya waliomuudhi mkubwa. Saa zikiisha mtu anaachiwa, adhabu kaimaliza, na faili halijafika kwa hakimu yeyote.

Anaweza pia kumpitia nyuma. Mchungaji Christopher Mtikila alidai mahakamani haki ya raia kugombea bila kudhaminiwa na chama. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimkubalia. Muswada wa kubadili Katiba ulikuwa umeshatua bungeni siku nane kabla, na Desemba ukapitishwa. Jaji alibaki na kiti chake, Mtikila akabaki na karatasi ya ushindi.

Utaniambia kutunga sheria ni kazi ya Bunge. Kweli, na hukumu si msahafu. Ila kuna tofauti kati ya kurekebisha sheria kwa ajili ya kesho na kumpokonya mtu alichoshinda jana, tena rufaa ya Serikali yenyewe ikiwa bado haijasikilizwa. Mwenye mbuzi angefanya hivyo tungemwita mhuni.

Mtikila hakuchoka. Mahakama Kuu ilimpa haki tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikaiondoa mwaka 2010, ikisema jambo hilo ni la kisiasa, Bunge ndilo liamue. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikamwona ana haki. Alifariki Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi usio na mgombea binafsi hata mmoja. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililomruhusu raia kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Majaji wake bado wanakaa Arusha, na Mtanzania hawezi tena kufungua mwenyewe shauri jipya dhidi ya Serikali yake mbele yao.