Nani Atamwita Mtu Mzima?

Katika vilima vya Bobasi, Kaunti ya Kisii nchini Kenya, kuanzia Nyacheki hadi Nyamache, mkulima wa majani chai hupita shambani mwake kila baada ya wiki moja au mbili, huchuma majani mawili na chipukizi, hubeba mzigo hadi kituoni ukapimwe, kisha hurudi kungoja kichaka kichipue tena. Malipo huja kwa mwezi, bonasi kwa mwaka, karo ya shule kwa muhula. Hakuna aibu katika mzunguko huo. Ndio uliosomesha wengi wa watoto wa Kisii na Nyamira. Hata hivyo mtu wa miaka arobaini aweza kuufuata bila kukosa hatua, na bado akahisi kwamba maisha yake yamesimama. Si mgonjwa, hana deni linalomkosesha usingizi, ila siku zimefanana mpaka hawezi kuutofautisha mwaka huu na wa juzi. Mtu wa namna hii atatokaje alipokwama, ikiwa nia anayoitegemea imtoe ndiyo hiyo hiyo iliyozoea kukaa?

Jibu tunalolisikia sana, mimbarini na redioni, ni kwamba ajikaze. Aamue leo, aanze kesho. Nadhani jibu hili linamkosea mtu, kwa sababu linamtaka atumie mkono uliovunjika kuunga mfupa wa mkono huo huo. Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, alilichunguza jambo hili kwa ukali kuliko wengi waliomfuata. Katika kitabu chake cha Maungamo anaonyesha jinsi tamaa inavyokuwa mazoea ikitumikiwa, na mazoea yasipopingwa yanavyokuwa kifungo. Alitaka kubadilika, na papo hapo hakutaka. Kilichomgeuza mwaka 386 kule Milan hakikutoka ndani yake peke yake: mgeni kutoka Afrika alimsimulia habari za mtawa Antoni wa Misri, kisha bustanini akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikimwambia achukue asome. Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, naye alisitasita kwa karibu miezi sita kabla ya kuondoka Baghdad mwaka 1095, na hakuondoka mpaka ulimi wake ulipogoma kabisa kufundisha. Wasomi hawa wawili hawakupungukiwa na akili wala elimu ya dini. Walipungukiwa na mwito ambao wao wenyewe hawakuweza kujipa.

Muumini atasema aliyewaita ni Mungu, na mimi sina ubishi naye. Naongeza tu kwamba mwito huo ulipitia kwa mgeni, kwa mtoto wa jirani, kwa mwili uliokataa kazi. Abagusii, yaani Wakisii, wa zamani walijenga maisha yao juu ya jambo hilo hilo. Mvulana, omoisia, alifanywa omomura, yaani kijana aliyetahiriwa, kwa jando; hakujifanya. Omomura naye hakuamka asubuhi moja akaamua kuwa omogaka, yaani mzee, wala mke kijana, omosubaati, hakujipa mwenyewe heshima ya omongina, mama mzee. Hatua hizo zilifika watoto wao walipoanza kuingia utu uzima, na jamii ndiyo iliyozitambua. Katikati ya hatua hizo palikuwa na egesangio, yaani majirani wachache waliolimiana mashamba kwa zamu. Siku ya zamu ya jirani ilifika, uwe umeamka na hamu au huna. Leo tohara ya wavulana ingali inafanyika kila Novemba na Desemba, shule zinatoa vyeti, harusi zinafungwa. Baada ya hapo kimya. Kati ya harusi ya mtu na mazishi yake ni nadra siku ambayo watu watakusanyika kumwambia kwamba sasa anatarajiwa kuwa mtu mwingine. Anaitwa kuchanga, basi.

Pingamizi lenye uzito zaidi linasema kwamba tatizo ni umaskini, na maneno haya ya nia na mwito ni anasa. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba ya Kaunti ya Kisii; shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi limebaki ukanda. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Asiye na ardhi wala kazi amezuiwa, na kumhubiria ajitahidi ni ukatili. Lakini hoja hii haimwelezi mwalimu mwenye mshahara na nyumba ya kupangisha mjini, ambaye amekwama vilevile, wala aliyehamia Nairobi akitafuta upya na miaka kumi baadaye anaishi kati ya kazini, matatu na kitandani. Tena egesangio haikuhitaji fedha. Ilikuwa chombo cha watu wenye mikono na majirani tu.

Wapo pia watakaosema kwamba jamii hiyo hiyo ndiyo inayomfunga mtu. Ni kweli, na inauma. Jamii imewaita wasichana wa Gusii kwenye ukeketaji, jambo ambalo sheria ya 2011 imelipiga marufuku kote Kenya, na lilistahili kupigwa marufuku. Si kila mwito ni wa kuitikiwa. Mwito ninaoutetea una alama mbili: aliyeitwa anaweza kusema hapana bila kuadhibiwa, na anachoitiwa ni kazi ya kuwafaa wengine ambayo bado hajaimudu. Kuitikia kuna hasara yake. Kila baada ya miaka michache mkulima hupogoa chai yake, na kwa miezi kadhaa hana majani ya kupeleka kituoni. Anayekubali wajibu mgeni naye atapitia kipindi cha kuonekana hajui.

Kanisa la Waadventista, lililofika Kisii miaka ya 1910 na kuota mizizi kuliko mengi, tayari lina njia ya kufanya hivi. Viongozi wa kanisa la mahali huchaguliwa kwa mwaka mmoja au miwili, na kamati ya uteuzi hutaja majina ya watu ambao hawakuomba. Mama ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu anaweza kusikia ametajwa kufundisha Shule ya Sabato. Sabato yenyewe inaweza kuwa mazoea matupu, wimbo ule ule na usingizi ule ule, na wanaolisema hilo hawakosei. Kupumzika peke yake hakumwamshi mtu. Kutajwa humwamsha. Ndiyo maana inasikitisha kamati inaporudisha majina yale yale mwaka baada ya mwaka kwa kuwa wenyewe wamezoea kazi, au chama cha akina mama kinapomweka mhazini mmoja miaka kumi na tano kwa sababu ni mwaminifu. Uaminifu wake ni sababu nzuri ya kumpa kazi nyingine, na kumtaja mwingine ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemtaka lolote ila mchango.