Ugeni Si Ujinga

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Nilimwita mjomba wangu mjinga. Neno lenyewe sikulitamka, lakini nililisema kwa kuguna na kwa kumpokonya simu mkononi. Ilikuwa Nakapanya, barabara ya kutoka Tunduru kwenda Masasi, kwenye banda la chai, msimu wa korosho. Mzee alitaka kutuma pesa. Nikamwonyesha mara ya kwanza, nikamwonyesha ya pili. Ya tatu nikasema, "Aah, mjomba, mbona kitu chenyewe rahisi tu?" Watu wakacheka. Yeye akaitia simu mfukoni, akamalizia chai yake.

Hakuniuliza tena. Alikwenda kumwomba kijana mmoja wa jirani, akampa na namba yake ya siri. Haukupita mwezi, shilingi 80,000 za korosho zikayeyuka. Nilipopata habari nikasema, "Si nilimwambia?" Kumbe sikumwambia kitu. Nilimchekesha watu, basi.

Sasa sikia yaliyonikuta mimi. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta yangu ya mkononi ni kuukuu, hiyo Windows 11 haiiwezi. Rafiki yangu wa Songea akanishauri niweke mfumo wa ukoo wa Linux, ule uliozaliwa mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki. Ni wa bure na haubagui mashine za zamani. Nikakubali. Tena kwa madaha nikachagua lugha ya Kiswahili. Mwandishi wa Kiswahili atumieje Kiingereza bwana!

Nikaja nayo Nakapanya, nikakaa barazani kwa mjomba kuandika. Loo! Orodha ya programu niliyoizoea chini imehamia pembeni. Hadithi niliyoandika jana yake siioni ilipojificha. Maneno nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Nikakutana na neno "Tendua", nikalikodolea macho. Nitendue nini? Haikufika robo saa nikaanza kutukana: nani kaunda upuuzi huu? Nikarudisha Kiingereza. Mimi huyu huyu, niliyewahi kuandika makala nzima kuwasuta wanaokidharau Kiswahili.

Mjomba alikuwa mkekani, anatazama. Hakucheka. Akasema, "Hebu rudisha ile ya kwanza." Nikarudisha. Akasoma taratibu, "Hi-fa-dhi. Hifadhi? Kama ile ya tembo?" Nikamwambia ndiyo, kitu ukikiweka humo hakipotei. "Basi hiyo naijua. Na hii Tendua, si kama kunja na kunjua? Funga, fungua. Tenda, tendua. Umefanya, sasa unafumua ulichofanya."

Nikanyamaza. Neno lililonishinda mimi mwandishi, mzee kalifungua kama fundo la kamba. Nilipomwambia kile kidude cha mkononi kinaitwa kipanya, akacheka mwenyewe: "Basi kimefika kwao, Nakapanya!"

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Nilijiuliza: "rahisi" maana yake nini? Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, na kioo chake kilifananishwa na meza ya ofisi: karatasi, majalada, kabati la mafaili. Karani wa Marekani akikitazama aliona vitu vya mezani kwake. Mjomba karatasi zake zimo kwenye mfuko wa plastiki, umening'inizwa darini. Kumbe ninaposema kitu ni rahisi, nasema kinafanana na nilichokizoea. Urahisi ule si wa kitu peke yake, wala si akili yangu. Ni mazoea.

Utanijibu kuwa vipo vyombo vibovu kweli. Sikatai. Maandishi madogo yasiyosomeka kwa macho ya mzee ni kosa la aliyeyaweka, na tumsute. Lakini tazama mizani niliyotumia. Nilipokwama mimi, kosa lilikuwa la mashine. Alipokwama mjomba, kosa lilikuwa la mjomba. Kwa nini mashine isiwe na kosa siku ile bandani? Hapo ndipo ilipo dhuluma, na ndiyo iliyomgharimu mzee shilingi zake 80,000. Aibu ilimfanya akatafute msaada gizani.

Na hayo maneno niliyoyatukana hayakudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa chini wakabishana neno kwa neno. Kwenye mifumo hii ya bure, tafsiri nyingi hufanywa na watu wa kujitolea. Ile nusu iliyobaki Kiingereza imebaki kwa sababu haikupata mtu wa kuikalia. Wengine wangeweza kuikalia, mimi nikiwamo. Mimi nilikuwa naandika makala ya kusuta.

Kesho yake nilimwomba mjomba simu. Safari hii niliiacha mkononi mwake. Kubadilisha namba ya siri kulichukua mchana mzima. Mara mbili ulimi uliniwasha nikaumeza. Alipofaulu hakushangilia. Aliniuliza tu, "Na wewe ile hadithi yako uliipata?" Nikamjibu bado. "Basi tuitafute," akasema.

Zile fedha hazikurudi, na mfumo wangu mpya ungali unanisumbua. Kiswahili sijakiondoa tena. Lakini nakuuliza wewe, kijana mwenzangu unayejua kubofya: kule nyumbani kwenu, ni nani aliyeacha kukuuliza?