Uongo wa "Ada Imepanda"

Sisi wa Singida tunaokwenda kusomea udaktari Bugando, Mwanza, ada tunaijua mapema. Kinachotubana ni chumba, chakula na nauli, miaka 5 mizima. Na boom ya shilingi 10,000 kwa siku si wote wanaipata. Basi pesa ikikata unampigia baba: "Ada imepanda." Anauza magunia ya alizeti aliyotunza.

Njaa yako ilikuwa ya kweli, sawa. Lakini umemnyima baba haki ya kupiga hesabu. Katika Luka 14 Yesu anamtaja mjenzi wa mnara anayekaa kwanza kuhesabu gharama; baba yako ndiye anayejenga nawe. Mtajie zote, hata chipsi za usiku. Huenda akasema hana, na mwaka ukaahirishwa.