Parsele ya Uzeeni na Haki ya Watakaokuja

Mfanyakazi wa Kindu, mji wa Maniema nchini Kongo, anayekaribia pensheni hana budi kujiuliza atazeekea wapi, na wengi hulijibu swali hilo kwa kutafuta parsele, yaani kiwanja, pembezoni mwa mji, katika komini kama Mikelenge, mahali ambapo nyasi bado zimezishinda nyumba. Anainunua mapema, kabla ya barabara, kabla ya bomba la maji, kabla ya nguzo ya umeme, maana bei ya mapema ndiyo anayoimudu. Hesabu hiyo inaeleweka. Lisilosemwa sana ni upande wa dini na maadili: kutangulia kunampa mtu haki gani juu ya ardhi, na kunamdai nini? Mimi nashikilia kwamba anayetangulia kununua katika mtaa mpya, hasa akiwa mtu mzima, anaingia deni kwa watu ambao hawajafika bado, na kwamba uhalali wa mali yake mbele ya Mungu unapimwa kwa jinsi anavyolilipa deni hilo.

Kindu ina sababu zake za kuulizwa swali hili. Mji ulikua pamoja na reli ya kampuni ya CFL, na wakati wa ukoloni uliitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la Baron Édouard Empain aliyeianzisha kampuni hiyo. Kampuni za enzi zile, za reli hapa na za bati kule Kalima, ziliwalaza wafanyakazi wao kambini. Nyumba ilifuata kazi. Kazi ilipoisha, nyumba nayo ilirudi kwa kampuni. Mpango wote ulidhani kwamba mzee atarejea kijijini kwa ukoo wake. Lakini mtu aliyezaliwa kambini, akasomea mjini, akawazika wazazi wake mjini, unamwambia arejee wapi? Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwafukuza hata waliokuwa wamebaki vijijini. Na pensheni ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii uliorithi kazi za INSS ya zamani, si fedha ya kumjengea nyumba mtu ambaye amekwisha kuzeeka. Kwa hiyo sitaki kumhukumu anayenunua mapema kana kwamba ana tamaa. Wengi wao hawana njia nyingine.

Kuna wacha Mungu watakaosema: kujiwekea parsele ya uzeeni ni kumsahau Mungu, kwani nani amekuahidi uzee? Wakristo watakumbusha habari ya tajiri katika Luka 12, aliyejenga ghala kubwa na usiku uleule akadaiwa roho yake. Pingamizi hili lina uzito, ila tumsikilize vizuri yule tajiri. Katika mipango yake yote hamna mtu mwingine hata mmoja: anazungumza na nafsi yake, anajengea nafsi yake, anaipongeza nafsi yake. Kosa lake ni hilo, wala halikuwa kuhesabu miaka. Kinyume chake ni nabii Yeremia. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, yeye mwenyewe yuko kifungoni, na wakati huohuo ananunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Anaita mashahidi, anaandikisha hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, anaagiza ziwekwe ndani ya chombo cha udongo zisiharibike. Ni mnunuzi wa mapema kupita kiasi, kwani shamba liko mikononi mwa adui! Na hakulifaidi, maana baadaye alichukuliwa hadi Misri. Alinunua ili kuwaambia wenzake kwamba watu watarudi kujenga na kupanda katika nchi ile. Kutangulia kwake kulikuwa kwa ajili ya wengine, na hapo ndipo ninapoona imani ikikutana na mipango bila kugombana.

Waislamu wa Maniema, ambao mizizi ya dini yao ni ya tangu siku za misafara ya Tippu Tip na mji wa Kasongo, wana hoja iliyo kali zaidi. Katika fikihi, ardhi mfu ni ya anayeihuisha. Kuizungushia mawe au uzio tu hakutoshi, na inapokewa kwamba Khalifa Umar alimpa aliyezungushia muda wa miaka mitatu; ikipita bila ya yeye kufanya kitu, hana tena haki ya kuwazuia wengine. Ajabu ni kwamba sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyoandikwa na watu wa serikali wala si mashehe, inakwenda njia ileile. Inasema ardhi ni mali ya dola peke yake na haiuzwi. Raia anapewa haki ya kuitumia, na anatakiwa aiendeleze. Haki hiyo haithibitiki kwa lolote isipokuwa sertifika ya uandikishaji. Hapo mtu atanijibu: nimelipa fedha zangu, nina fishi ya parsele kutoka kwa mkuu wa kartie, deni gani tena? Ndiyo, umelipa, lakini ulichonunua ni nafasi ya kutumia kitu kisicho chako. Muumini angelijua hilo hata bila sheria, kwani kila msikiti na kila kanisa linafundisha kwamba ardhi ni ya Mungu na sisi ni wapangaji wake. Na hata hiyo fishi, siku parsele moja itakapouzwa kwa watu wawili, balaa ambalo miji yetu inalijua sana, utakayemwita shahidi ni jirani. Aliyenunua akafungia, asikae wala asimjue mtu, hana wa kumsemea.

Pingamizi gumu kuliko yote linahusu watoto. Kurani, sura ya 17 aya ya 23, inapoamuru wema kwa wazazi inawataja wakizeeka wakiwa kwa mtoto wao. Je, mzee anayejitafutia nyumba yake mbali na wanawe hawanyimi wajibu na thawabu? Wanaoogopa jambo hili wana ushahidi mkubwa wa kuonyesha. Marekani, katika jimbo la Arizona, mjenzi Del Webb alifungua Sun City tarehe 1 Januari 1960, mji wa wastaafu wenye viwanja vya gofu na mabwawa ya kuogelea, ambao familia zenye watoto hazikuruhusiwa kuhamia. Watu walimiminika kununua. Katika miaka iliyofuata wapiga kura wa Sun City walikataa tena na tena bondi za kujengea shule za wilaya ya Peoria, mpaka mji wao ukatolewa katika wilaya hiyo ya shule. Siwaiti watu wabaya. Walikuwa wamenunua mahali pasipo na watoto, wakaishia kuona kwamba watoto hawawahusu. Uzee uliojitenga unazaa hesabu ya namna hiyo polepole, kura kwa kura.

Lakini Mikelenge haijengwi hivyo. Huko mstaafu ananunua parsele yake moja, pembeni yake anakuja mwalimu kijana, mbele yake mama mjane anayeuza mawese, na watoto wanapita kila upenyo. Mzee anakaa kwake bila kutengwa na vizazi, na wanawe wanaweza kumtunza wakimkuta katika heshima ya nyumba yake badala ya kumhamisha kama mzigo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Aya ile haimlazimishi kukosa mlango wake mwenyewe. Inawalazimisha wao wasimchoke.

Deni la mtangulizi, basi, ni lipi hasa? Msemo wa Waarabu unashauri kumchagua jirani kabla ya nyumba, ila wa kwanza katika mtaa mpya hana jirani wa kumchagua. Yeye ndiye anayesubiriwa kuchaguliwa. Asisogeze uzio wake juu ya njia kwa kuwa leo hapiti mtu. Mvua za Maniema si za mchezo, kwa hiyo maji ya paa lake ayaelekeze kwenye mtaro, yasiende kuchimba kiwanja cha asiyekuwapo kujitetea. Asinunue parsele nne ili tatu zilale zikingoja bei, huku anayehitaji akisukumwa mbali zaidi porini. Huo ni ulanguzi, hata mlanguzi akiwa na mvi na tasbihi au rozari mkononi. Akubali mapema, bei ikiwa bado ndogo, ipatikane sehemu ya shule na ya makaburi, kwa sababu atakayeihitaji ya pili kabla ya wengine huenda ni yeye. Utasema mzee hana nguvu za kazi hizi. Nyingi hazihitaji nguvu za mwili. Zinahitaji mtu anayekumbuka mpaka ulipita wapi, ambaye neno lake linasikilizwa wageni wanapogombana.

Deni hilo linaanzia nyumbani. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi na marehemu, lakini ndugu wa mume wanapofika baada ya mazishi, karatasi iliyo wazi inasaidia kuliko hotuba. Ewe unayeweka akiba ya parsele Mikelenge, usingoje kustaafu: fuatilia sertifika, jina la mama watoto liandikwe pamoja na lako, na njia iliyo mbele ya uzio wako uiache wazi.