Je, mke wa askari hastahiki zaka?



Ndugu Waislamu, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Ramadhani iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu watano tuliopewa kazi ya kuandika majina ya wanaostahiki zakatul-fitri katika mtaa wetu hapa Bigwa. Tulipofika kwenye jina la mama mmoja, mwenzetu akasema, "Huyu mumewe ni mwanajeshi, anakula mshahara wa serikali." Hakuna aliyeuliza swali. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nikalikata jina.

Mwezi wa Shawwal mwanawe wa miaka saba alisinzia madrasa siku tatu mfululizo. Nikamkaripia. Siku ya nne mke wangu alikwenda kwao, akarudi kimya, kisha akanieleza aliyoyakuta: uji mtupu wa sembe asubuhi, uji ule ule jioni, na kadi ya kliniki ya mdogo wake ambayo mstari wa uzito umeteremka nje ya rangi ya kijani. Mume ni askari wa cheo cha chini na kikosi chake kiko mkoa mwingine. Mshahara anao, ni kweli. Lakini humo mna makato ya mkopo aliouchukua kumuuguza baba yake, mna mama mzee, mna yatima wawili wa dada yake. Kinachofika Bigwa hakivuki katikati ya mwezi.

Na mama huyu si Mluguru. Kwa wenyeji wetu ardhi hufuata ukoo wa mama, na hata mwanamke aliyeachwa mara nyingi ana kipande chake huko milimani. Atateremsha ndizi, atachimba mihogo. Huyu ameletwa na uhamisho wa mumewe. Tena jirani wakiona ile picha ya mume ukutani amevaa magwanda, wanakuja kumkopa yeye!

Tulitumia kipimo gani sisi? Surat Tawba aya ya 60 imetaja mafungu manane ya wanaopewa zaka, la kwanza mafakiri, la pili maskini, na katika madhehebu yetu ya Shafi zakatul-fitri hufuata mafungu hayo hayo. Surat al-Kahf aya ya 79 imewaita maskini watu wa jahazi lile alilolitoboa Khidhri, na hali wana chombo na wanafanya kazi baharini. Wanazuoni wameichukua kuwa hoja kwamba maskini ni mwenye pato lisilomtosha. Hili nalifundisha darasani kila mwaka. Nalifundisha, na jina nikalikata.

Wala si jambo la Bigwa peke yake. Marekani, taifa linalotumia fedha nyingi kuliko lote duniani kwa jeshi lake, lina familia za askari wa vyeo vya chini zinazoishi kwa msaada wa chakula wa serikali, na wake zao wajawazito na watoto wasiotimiza miaka mitano hupata msaada wa lishe. Lakini katika mpango mkuu wa chakula, posho ya nyumba ya askari anayeishi nje ya kambi huhesabiwa kuwa kipato chake. Fedha zinapita mkononi kwenda kwa mwenye nyumba, na karatasi inamwambia kuwa yeye ameshavuka kiwango cha umaskini. Ilibidi itungwe sheria mwishoni mwa 2021 ya posho maalumu ya mahitaji ya lazima, ikaanza kulipwa Januari 2023.

Sayyidna Umar (R.A.) ndiye aliyeanzisha diwani, daftari la kuwalipa askari na familia zao. Mwanzoni mtoto aliandikiwa posho akishaachishwa ziwa. Wapokezi wanasimulia kuwa usiku mmoja alikuwa akilinda msafara pamoja na Abdurrahman bin Auf, akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akarudi tena, akarudi tena. Yule mama, asijue anasema na nani, akajibu kuwa anamlazimisha mtoto aache ziwa kwa sababu Umar haandikii ila aliyeachishwa. Alfajiri aliswalisha watu wasiweze kukielewa kisomo chake kwa kulia. Kisha akaamuru mtoto aandikiwe tangu kuzaliwa. Tazameni, hakusema utaratibu ni utaratibu.

Na katika hadithi ya Zayd bin Khalid, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemhesabu anayeisimamia vyema familia ya mpiganaji aliyeondoka kuwa naye amepigana. Sisemi kila mwenye magwanda ni mujahid. Hilo lina mjadala wake. Lakini askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, na watu kama hao wanaacha wake na watoto katika mitaa kama huu wetu.

Wapo watakaosema kuwa tukifungua mlango huu kila mwajiriwa atapanga foleni. Basi tuulize: nyumba ile wanakula wangapi, kinachowafikia ni kiasi gani, na kinaisha tarehe ngapi. Aulize mwanamke kwa mwanamke, ndani, si mbele ya watu, maana Surat al-Baqara aya ya 273 inatuambia wapo mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa vile hawaombi.

Nilikwenda na mke wangu kumtaka radhi. Akasema, "Ustadhi, mimi sikuomba." Orodha ya mwaka huu tunaianza Alhamisi baada ya Isha, na safari hii wanawake wawili wamo katika kamati.