Je, Kutupa ni Kutoa?

Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana imepita, na nyuma ya nyumba zetu zimebaki chupa, makopo, maboksi, mifupa, maganda ya ndizi na wali uliochacha. Wengi wetu huvichanganya vyote katika kiroba kimoja, hukifunga, kisha hukiweka njiani kingoje gari la taka. Baada ya hapo twanawa mikono.

Hapa Dar es Salaam taka nyingi hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi. Lakini kiroba hakifiki mwisho wake kimefungwa. Wako watu, wanawake kwa wanaume, wanaochambua taka kwa mikono, wakitafuta plastiki, vyuma na makopo ili wayauze kwa kilo. Humo hukutana na vioo vilivyovunjika, nyembe, na nepi za watoto.

Baadhi yetu husema, "Si vibaya. Tunachotupa sisi, mwenzetu hupata riziki. Basi nasi tumetoa sadaka." Neno hili yafaa tulipime, kwa maana lina sehemu ya kweli. Ni kweli ya kwamba chupa ile humlisha mtu. Lakini je, kutupa ni kutoa?

Torati, katika Walawi sura ya 19, iliwaagiza Waisraeli wasivune shamba mpaka pembeni, wala wasiokote zabibu zilizoanguka, bali wamwachie maskini na mgeni. Maskini hakuletewa nyumbani. Alikuja kuokota mwenyewe kwa jasho lake, wala haikuwa aibu. Lakini angalieni: masuke yale yaliachwa safi, shambani, mahali palipojulikana. Naye Boazi, alipomwona Ruthu akiokota, aliwaamuru vijana wake wasimguse wala wasimkemee, tena wamwachie masuke kwa makusudi. Hapo ndipo ilipo tofauti. Anayeacha humfikiri yule atakayeokota. Anayetupa hujifikiri mwenyewe tu. Ataka kitu kimtoke machoni.

Mwingine atasema, "Mimi nalipa ada ya taka, yaliyobaki ni kazi ya wenye gari." Kulipa ada ni vema, na tulipe. Lakini ada hulipia gari. Hailipii kidole cha mtu aliyekatwa na kioo tulichokificha katikati ya maganda.

Basi tufanyeje? Si jambo kubwa. Mabaki ya chakula na maganda yawekwe peke yake, yaende kwa kuku au katika shimo la mboji. Karatasi na maboksi yakae pakavu, kwa kuwa karatasi iliyolowa mchuzi haifai tena kutengenezwa upya. Chupa na makopo yasuuzwe kidogo na kutiwa katika mfuko wake. Kioo kilichovunjika kifungwe ndani ya boksi, na mchukuzi aambiwe. Wala tusichome plastiki uani, maana moshi wake una sumu, nao hauchagui nyumba ya kuingia.

Tusiseme ya kwamba mazoea hayabadiliki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nasi tukarudia vikapu. Tena chupa za soda za kioo tumezirudisha dukani miaka mingi pasipo kuhubiriwa, kwa sababu twajua tusiporudisha tutalipia. Kama twaweza kuitunza chupa kwa ajili ya shilingi zetu, kwa nini tushindwe kuitunza kwa ajili ya mkono wa jirani?

Kwa hiyo, kila mmoja wetu, kabla ya kufunga kiroba cha sikukuu, na amkumbuke yule atakayekifungua. Huyo naye Kristo alizaliwa kwa ajili yake.